UZI: Injini ya vichekesho vya The Simpsons ni usahaulifu. Karibuni tubishane

Fundi Reki (mleta mada)

Wakuu, kila mada ya The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani ya TV, huishia kwenye ligi ileile: misimu ya zamani mitamu, ya sasa imechuja. Hiyo ligi naomba tuipumzishe. Hapa nataka tuongelee ufundi wenyewe, zile mbinu wanazotumia kusimulia kisa cha familia moja kwa dakika ishirini na kitu mpaka mtu mzima anagaragara kwa kicheko.

Hoja yangu ni moja na nitaisimamia. Katuni hii inachekesha kwa sababu inasahau. Homer, baba wa familia, ameshaunguza nyumba, ameshakwenda anga za juu, ameshafukuzwa kazi nisijue mara ngapi, na wiki inayofuata unamkuta yupo kituo cha nyuklia anasinzia kama kawaida. Wanawe nao hawakui: Bart ana miaka 10, Lisa ana 8, Maggie hajaacha kunyonya chuchu yake ya plastiki, na episodi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Desemba 1989. Wengi huona huo ni uvivu wa waandishi. Mimi naona ndio mtaji wao.

Angalia zile sekunde za mwanzo. Bart yuko ubaoni anaandika sentensi ya adhabu, halafu familia nzima inakimbilia kwenye kochi. Kila wiki adhabu ni nyingine na kochi lina visa vipya, lakini mtoto hajifunzi na kochi halizoeleki. Tena kuna siri ya jikoni pale: urefu wa utani wa kochi hubadilika kulingana na episodi. Ikitokea fupi, wanarefusha utani. Upo ule ambao familia inaanza kucheza dansi, wanaingia wachezaji wengine, mara tembo, mara sarakasi kamili imejaa sebuleni. Huo waliutumia zaidi ya mara moja kwa sababu hiyohiyo ya kujaza muda.

Kujaza muda ndiko kulikotuletea reki. Mwaka 1993, episodi inaitwa Cape Feare. Sideshow Bob, adui wa Bart, ametoka gerezani, amejifunga chini ya gari la akina Simpson ili akamuue Bart. Anatoka uvunguni, anapiga hatua, anakanyaga reki, mpini unamtandika usoni. Anageuka, anakanyaga nyingine. Anageuka tena. Reki tisa! Episodi ilikuwa imepungua dakika, wakaamua kuvuta kichekesho kimoja mpaka kikatike.

Sasa jiangalie wewe mtazamaji unavyobadilika. Ya kwanza unacheka kwa sababu mtu kaumia kijinga. Ya pili na ya tatu unacheka kwa sababu umeiona inakuja. Ya nne na ya tano unaanza kuchoka, unajiuliza hawa vipi. Halafu kuanzia hapo unacheka upya, na safari hii unawacheka watengenezaji kwa ujasiri wao wa kukuchosha makusudi. Na kumbuka huyo ni Bob, msomi wa mji mzima, mpenda opera, mtu aliyepanga mauaji kwa hesabu kali. Hawezi kukumbuka reki aliyoikanyaga sekunde mbili zilizopita. Usahaulifu uleule wa wiki kwa wiki umebanwa ndani ya tukio lisilofika dakika.

Episodi hiyohiyo, maofisa wa serikali wanampa Homer jina jipya la kujifichia, Thompson. Wanamweleza, wanarudia, wanafanya naye mazoezi: ukisikia "Habari, bwana Thompson" na tukikukanyaga mguu, unatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Anasema ameelewa. Wanamsalimia, wanamkanyaga, wanamkanyaga tena. Yeye anamgeukia ofisa wa pembeni na kumnong'oneza kwamba nadhani anaongea na wewe.

Mashine ni moja. Leteni pingamizi.

Mkaa Mbele

Mkuu, umeandika vizuri ila unabatiza mtoto wa watu. Kurudia kosa mpaka lichekeshe ni mali ya filamu za zamani zisizo na sauti, na wazee wa Laurel na Hardy walishamaliza shule hiyo. Hata ule mguno wa Homer wa "D'oh!", Dan Castellaneta anayemwigiza sauti aliutoa kwa James Finlayson, yule mwenye masharubu aliyekuwa akicheza nao. Aliufupisha tu uendane na kasi ya katuni. Kwenye skripti hata hauandikwi, wanaweka mabano kwamba agune kwa kuudhika. Sasa usahaulifu unaingiaje? Huo ni urithi wa vichekesho vya kuanguka.

Fundi Reki

Mkaa, urithi siukatai. Ila Laurel akianguka, filamu ikiisha imeisha. Homer ana miongo ya kuanguka na kesho yake lazima aanze na mwili mpya. Kumbuka alivyotumbukia kwenye lile korongo mwaka 1990, akitaka kumzuia Bart asiruke. Anagonga kila mwamba mpaka chini, helikopta inamnyanyua huku kichwa kikigonga mwamba uleule, anawekwa kwenye gari la wagonjwa, gari linagonga mti, kitanda kinatoka nyuma, anatumbukia tena. Utacheka mateso hayo kama tu una uhakika kwamba hayatabaki. Mpe mguu mmoja wa plasta kwa msimu mzima uone kama kuna mtu atacheka.

Binti Kalamu

Mimi kuandika skripti ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nachangia upande wa muundo.

Usahaulifu anaousema mleta mada upo hata ndani ya episodi moja, na watu wengi hawauoni. Dakika tano au sita za mwanzo mara nyingi hazina uhusiano na kisa kikuu. Chukua ile ya treni ya reli moja, Januari 1993, iliyoandikwa na Conan O'Brien. Inaanza na mzee Burns, tajiri mwenye kituo cha nyuklia anachofanyia kazi Homer, anaficha taka za nyuklia ndani ya miti ya bustani ya umma. Anakamatwa, anapigwa faini ya dola milioni 3, anatoa pochi analipa. Unadhani ni kisa cha mazingira? Hapana, Burns kazi yake imeisha. Sasa mji una hela na mkutano wa kuamua matumizi. Marge, mke wa Homer, anapendekeza barabara kuu ikarabatiwe, na karibu wamkubalie. Hapo anasimama tapeli mmoja na wimbo wake, na kabla wimbo haujaisha mji mzima umeshanunua treni.

Kila kipande kinasukuma kingine kisha kinatupwa. Mwandishi mchanga angemrudisha Burns mwishoni ili "kufunga kisa". Hawakufanya hivyo. Treni inasimamishwa na nanga iliyonasa kwenye donati kubwa la tangazo, na donati hakuna aliyekuwa anaifikiria.

Halafu mwisho. Sauti ya Marge inatuambia huo ndio ulikuwa upuuzi pekee wa watu wa Springfield, mji wa akina Simpson, ukiacha ghorofa la vijiti vya aiskrimu, na kioo kikubwa cha kukuzia, na ngazi ya umeme isiyokwenda popote. Tunaonyeshwa vyote: kioo kinakusanya jua na kuliteketeza ghorofa, watu wanapanda ngazi na kudondoka juu kabisa. Mji haukujifunza chochote, na hilo ndilo pigo la mwisho la kichekesho. Kwa hiyo kwenye hili namuunga mkono mleta mada.

Kochi la Nyuma

Nasoma kimya kimya ila swali: na Burns je? Kila siku anamuuliza msaidizi wake Smithers "huyu ni nani?" wakati Homer ameshaokoa kituo na ameshakula kwake. Hilo nalo lipo kwenye nadharia yako?

Fundi Reki

Kochi, umenigusa pale ninapopapenda.

Burns kutomkumbuka Homer kulianza kama kichekesho kidogo cha pembeni: tajiri hajui majina ya wafanyakazi wake. Kikarudiwa mpaka mwaka 1995 wakakigeuza kuwa sababu ya kisa kizima, ile episodi ya nani kampiga risasi Burns. Homer anachoka kusahauliwa. Anamtumia boksi la chokoleti lenye picha ya familia chini yake. Burns na Smithers wanakula moja moja, sura zinafunuliwa, Marge, Bart, Lisa, Maggie. Imebaki ile moja isiyo na ladha nzuri, iliyofunika uso wa Homer. Wanaitupa pamoja na boksi. Homer anaishia kuandika jina lake kwa rangi ukutani ofisini kwa Burns, na Burns akiingia anamuuliza wewe ni nani.

Yaani mbinu ile ile iliyotuchekesha kwa miaka imekuwa ushahidi kwenye kesi ya jaribio la mauaji. Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 21 Mei, jibu likaja tarehe 17 Septemba, watu wakakaa miezi minne wakishuku kila mtu. Aliyepiga risasi ni Maggie, yule mtoto asiyeongea. Hadi hapo wanacheza na sisi.

Mtani wa Flanders

Mimi nina shida na ile episodi inayosifiwa na wengi, ya Frank Grimes, mfanyakazi mwenzake Homer. Ni ukatili mtupu. Jamaa kaachwa na wazazi, kasoma kwa taabu, kapata kazi kwa jasho, anakufa, na mazikoni watu wanacheka. Ufundi uko wapi?

Fundi Reki

Ufundi uko hapohapo kwenye ukatili, ngoja nieleze taratibu maana hii ndiyo nguzo ya uzi.

Grimes aliingia tarehe 4 Mei 1997 akiwa mtu kutoka dunia yenye kumbukumbu. Kwake kitendo kina matokeo: ukizembea unafukuzwa, ukijituma unapanda. Chumba anachoishi kipo juu ya ukumbi wa boling na chini ya ukumbi mwingine wa boling. Siku anakaribishwa kwa Homer anakuta nyumba ya ghorofa, kambakoche mezani, picha ya Homer akiwa anga za juu, na tuzo ya Grammy. Sisi vyote hivyo tulishavisahau. Vilikuwa vichekesho vya wiki zilizopita, kila kimoja kikafutwa mwisho wa episodi yake. Grimes ndiye wa kwanza kuvijumlisha pamoja, na hesabu ikamtia wazimu.

Anajaribu kumwaibisha Homer kwa kumwingiza kwenye shindano la watoto la kubuni kituo cha nyuklia. Homer anashiriki bila aibu, anawashinda watoto, ukumbi unamshangilia. Hapo Grimes anachanganyikiwa, anaanza kumuigiza Homer kwamba na mimi naweza kufanya upuuzi na lisinikute lolote. Anashika nyaya za umeme mkubwa bila glavu. Linamkuta.

Kwa sababu yeye hana kinga ya kusahauliwa. Homer angezishika nyaya zilezile, zingemchoma nywele, tungecheka, na asubuhi angekuwa kazini. Mazikoni Homer anasinzia na kumwambia Marge abadilishe chaneli, watu wanacheka, mji umeshaanza kumsahau marehemu kabla hajafunikwa. Mtani, uchungu ulioupata ndio waliokuwa wanautafuta. Kwa episodi moja walifungua boneti tukaiona injini, na injini ikawa inatisha.

Mtani wa Flanders

Sawa, nimekuelewa. Bado siirudii kuiangalia.

Msimu wa Kumi

Kuna kipande cha pili cha hadithi hiyo hamjakitaja. Septemba mwaka huohuo wakaleta ile ya mwalimu mkuu Skinner kugundulika si Skinner, ni mtu mwingine aliyechukua jina la askari mwenzake. Mashabiki walichukia sana, na hata Harry Shearer, sauti ya Skinner mwenyewe, aliisema hadharani. Lakini angalia inavyoisha. Skinner wa kweli anafungwa kwenye kiti na kupakiwa kwenye treni, jaji anatoa amri kwamba kila kitu kirudi kama zamani na atakayelitaja tena jambo hilo atateswa. Usahaulifu kwa hukumu ya mahakama!

Binafsi naona kicheko cha mwisho kilikuwa kizuri, ila kisa kilichotangulia hakikustahili. Huwezi kumwambia mtazamaji kwamba miaka minane ya mapenzi yake kwa mhusika ni uongo, halafu umwambie usijali, tumefuta.

Binti Kalamu

Niongeze jambo la kiufundi ambalo wasioandika hulisahau: vicheko vya kurekodiwa. The Flintstones mwaka 1960 ilikuwa navyo, katuni lakini unasikia watu wanacheka nyuma. The Simpsons hawakuviweka. Faida yake ni kwamba mhusika hasubiri kicheko kiishe ndipo aseme neno linalofuata. Unaweza kupanga utani juu ya utani, na mwingine ukauficha kwenye maandishi ya ubao wa kanisa ambao atausoma atakayesimamisha mkanda tu.

Na muda wa kutengeneza. Episodi yao moja huchukua zaidi ya nusu mwaka kutoka skripti hadi hewani. South Park, katuni nyingine ya Kimarekani, hutengeneza ya kwao kwa siku 6, ndiyo maana wanaweza kutania habari za wiki hiyohiyo. Ukijua utani wako utasikika miezi mingi baadaye, unaandika vitu visivyochacha: ulafi, uvivu, wivu kwa jirani, baba anayetaka kusifiwa. Nadhani hilo nalo limesaidia mambo yarudi palepale. Huwezi kujenga juu ya habari ya jana kama jana yako ina miezi tisa.

Mkaa Mbele

Haya, tuje kwa Family Guy, katuni nyingine ya familia. Wale kila baada ya sentensi mbili Peter, baba wa kule, anasema "hii ni kama ile siku niliyo..." na tunarushwa kwenye kituko kisichohusu kitu, kisha tunarudishwa. Kama usahaulifu ndio siri, basi hao ndio mabingwa, maana kituko kinasahauliwa baada ya sekunde kumi.

Fundi Reki

Mkaa, hapo tunaachana. Ili usahau lazima kwanza kuwe na kitu cha kukumbuka. Mikato ya Family Guy haikuwahi kuwa sehemu ya kisa, unaweza kuitoa hii ukaweka ile na hakuna kitakachopungua. South Park waliwatania kwa hilo mwaka 2006, wakaonyesha kwamba vichekesho hivyo vinaandikwa na nguva ndani ya tangi, wanaosukuma mipira yenye maneno bila mpangilio. Ilikuwa kali mno, na Family Guy ina mikato inayonivunja mbavu, siwezi kudanganya. Lakini kicheko chake ni cha kushtukizwa. Kile cha Homer kusalimiwa "bwana Thompson" kinahitaji umjue Homer.

Kochi la Nyuma

Na zile zinazoliza? Mbona zinatugusa kama kila kitu kinafutwa?

Binti Kalamu

Zinagusa kwa sababu hapo kitu hakifutwi. Mfano ulio safi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa Januari 1995. Watoto wanauliza kwa nini kwenye albamu hakuna picha ya Maggie. Homer anasimulia alivyoacha kazi ya nyuklia akapata kazi ya ndoto zake ukumbi wa boling, Marge akapata mimba, akalazimika kurudi kwa Burns kwa magoti. Burns kama adhabu akambandikia kibao mbele ya meza yake cha kumkumbusha kwamba yuko hapo milele. Halafu tunaona picha za Maggie ziko wapi: Homer amezibandika juu ya kibao, zikaziba baadhi ya herufi, yaliyobaki yanasomeka kwamba afanye kwa ajili yake.

Angalieni ufundi. Swali la watoto liliwekwa mwanzoni kama utani mwepesi, mtoto wa tatu hapigwi picha. Kibao kiliwekwa kama utani wa ukatili wa Burns. Vitu viwili vya kuchekesha vikikutanishwa vinatoa kitu kisichochekesha kabisa, na hakuna aliyehutubia.

Msimu wa Kumi

Na ubao wa Bart. Marcia Wallace, sauti ya mwalimu Krabappel, alifariki Oktoba 2013. Siku chache baadaye ubao ule wa adhabu uliandikwa sentensi moja tu, mara moja, kwamba watamkumbuka. Mbinu ya kurudia ilipata uzito siku ilipoacha kurudia. Mhusika mwenyewe wakamstaafisha, hawakutafuta sauti nyingine.

Mkaa Mbele

Basi na mimi nafyatua ya mwisho. Lisa aliacha nyama Oktoba 1995 na hajarudi. Hilo mbona halikusahauliwa?

Fundi Reki

Unajua kwa nini halikusahauliwa? Paul McCartney alikubali kuigiza sauti kwenye episodi ile kwa sharti kwamba Lisa abaki hivyo moja kwa moja. Ilibidi mwanamuziki kutoka nje aweke sharti ndipo katuni ikumbuke kitu kimoja. Unanisaidia kujenga hoja, mkuu.

Ila umegusa jambo: kwamba ni Lisa, si Bart. Kwenye familia ile wanaokumbuka ni Lisa na Marge. Marge ndiye aliyeikumbuka barabara mbovu wakati mji unaimba. Homer na Bart wanasahau, ndiyo maana wao hupewa vicheko vingi na wale wawili hupewa maumivu. Binti Kalamu, wewe mwandishi, hii unaionaje?

Binti Kalamu

Naiona hivi: ukianza kuandika familia yako ya katuni, kabla hujatafuta utani hata mmoja, amua nani anasahau na nani anabaki na bili mkononi. Wakisahau wote, hakuna wa kushtuka. Wakikumbuka wote, umeandika kesi ya ndoa.

Mkaa Mbele

Nakubali robo. Robo tatu iliyobaki naifungulia uzi wangu kesho, na nitaanza na Laurel na Hardy mpende msipende.